Mita Mia za Mwisho

Buti la Kazija Ubwa lilizama hadi kifundoni, na alipolivuta lilitoka kwa kelele, likiacha shimo lililojaa maji mekundu pale pale.

Alisimama akageuka nyuma. Njia ya ndege ilinyooka katikati ya majaruba ya mpunga ya Cheju, na kule mwanzoni, ambako ndege ilikuwa imefungwa kamba kwenye vigingi, watu walionekana wadogo kama vidole. Sehemu yote aliyokwishaipita ilikuwa ngumu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeilowesha juu juu tu. Lakini hapa mwisho, mita mia hivi kabla ya tuta la mfereji, kifusi kilikuwa kimekunywa maji mpaka kikashiba. Alisogea hatua tano mbele, akazama tena. Akachomeka fimbo yake, ikaingia shubiri nzima bila kusukumwa.

Kazija alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwapaka hina wageni pale Shangani, kigoda chake kikiwa chini ya baraza ya duka la vinyago, mpaka ukaja ule mwaka wa maradhi ambapo wageni walikatika na Mji Mkongwe mzima ukanyamaza. Mume alikuwa ashatangulia mbele ya haki. Nyumbani Amani walibaki yeye na binti zake wawili, Nadra na Rukaiya, wote wanasoma. Jirani akamwambia kuna watu wanatafuta wanawake wa kuchanganya dawa za kuulia wadudu wa mimea, maana wanaume wanamwaga ovyo na kupima hawapimi. Akaenda kujaribu, akaonekana ana mkono mtulivu, na tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine.

Msimu huu viwavijeshi walipoingia Cheju, wakaanza kula mpunga jaruba baada ya jaruba, ililetwa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Kazi ya Kazija ilikuwa kuichanganya hiyo dawa na kuisukuma kwa pampu mpaka kwenye tangi la ndege. Kuitembea njia kila asubuhi na kusema iko vipi hakukuwa kazi yake kwa mkataba. Alitwishwa tu na msimamizi, Bwana Ahmada, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akifika mapema.

Alirudi mwanzoni kwa haraka, fimbo mkononi. Ahmada alikuwa amesimama karibu na mapipa ya dawa, simu sikioni. Alimngoja amalize.

"Mwisho kule kumelainika, Bwana Ahmada. Buti linazama."

"Kiasi gani?"

"Kifundoni. Mita mia nzima mpaka kwenye tuta."

"Jua litakausha."

"Litakausha saa sita. Si sasa hivi."

Ahmada alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu mara nyingi mno wiki ile. "Bi Kazija, jana ulinambia upepo mkali, tukangoja saa mbili. Juzi ukanambia kuna ng'ombe wamevuka njia. Kila siku una jambo. Hebu watazame wale."

Juu ya tuta, kule mbali, wakulima kiasi cha kumi na tano walikuwa wamejipanga. Walikuja kila asubuhi kuangalia ndege ikiruka. Majaruba ya chini yalikuwa yameshaliwa yakabaki vijiti, na waliokuwa na majaruba ya juu hawakuwa wakilala.

"Basi tutie nusu tangi," Kazija alisema. "Ikiwa nyepesi itanyanyuka kabla haijafika kule."

"Nusu tangi ni safari mara mbili kwa kazi ile ile. Jaza."

"Na Kapteni?"

"Ntamwambia mimi. Wewe shughulika na dawa yako."

Akavaa aproni, akavaa glavu ndefu na barakoa ya chujio, akaiwasha pampu. Alijaza tangi mpaka kwenye alama ya juu, kama alivyoambiwa.

Qais Salem alifika saa moja na robo na vespa yake, fulana nyeupe, miwani ya jua imening'inia kifuani. Alikuwa mtoto wa mjini, kwao Kiponda, mtu wa miaka thelathini na sita aliyerusha ndege za kunyunyiza pamba na miwa huko bara kwa muda mrefu. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza kufanya kazi nyumbani. Alipenda kuwachekesha wafanyakazi kwa kuwaambia mama yake anamfungia chakula kama anakwenda skuli.

Alimsalimia kila mtu, akaizunguka ndege, akagusa bawa hapa na mkia pale. Halafu akamwendea Kazija na kumuuliza swali lile lile la kila asubuhi.

"Njia vipi, Bi Kazija?"

Kabla hajavuta barakoa, Ahmada alidakia kutoka nyuma. "Kavu, Kapteni. Imeloa juu tu."

Kazija alitazama glavu zake. Kulikuwa na nafasi ya kusema, tena ya kutosha. *Mwisho kule kuna tope.* Maneno manne. Aliyafikiria, na papo hapo akafikiria jana na juzi, na yale "kila siku una jambo", na kuwa akisema sasa atakuwa amemwita msimamizi mwongo mbele ya watu. Na pengine tope si kubwa hivyo. Pengine Ahmada atamwambia wakiwa wawili. Qais alisimama akimtazama, kitambo kirefu kidogo kuliko kawaida, kisha akavaa kofia yake ngumu, akapanda.

Kamba zikafunguliwa. Injini ikaunguruma, majani ya kando ya njia yakalala chini.

Ndege ilianza taratibu, nzito, ikaongeza mwendo, mkia ukanyanyuka. Kando ya njia palikuwa na bendera saba nyeupe juu ya vijiti, na Kazija alijua, kwa kuitazama kila siku, kuwa ikiwa imejaa huiacha ardhi kwenye bendera ya tano. Alizihesabu moyoni. Ya tatu. Ya nne. Ya tano ikapita, na magurudumu bado yako chini.

"Nyanyuka," alisema ndani ya barakoa. "Nyanyuka basi!"

Kwenye bendera ya sita tope jekundu liliruka pande zote mbili. Mwendo ukakatika, kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma akiwa mbioni. Wakulima juu ya tuta walianza kutawanyika. Hapo chini ya tumbo la ndege likafumka wingu jeupe: Qais alikuwa amevuta mkono wa kumwagia dawa ili apunguze uzito. Ndege iliruka kidogo, ikaonekana kama itapita. Gurudumu moja likavuka tuta. La pili likaligonga. Bawa la kushoto likainama, likashika maji ya jaruba la ng'ambo, na ndege nzima ikajipindua mgongoni.

Kishindo kilifika baadaye kidogo kuliko walivyoona. Halafu injini ikanyamaza, na zikabaki sauti za wanawake wakipiga kelele.

Ahmada alikuwa amesimama, simu mkononi, mdomo wazi. Kazija alikuwa ashachukua jozi mbili za glavu, dumu la maji na mche wa sabuni, na yuko nyuma ya gari. "Shaame! Washa! Endesha!" Shaame, dereva, aliendesha mpaka tope lilipowagomea, na kutoka hapo wakakimbia kwa miguu.

Alipopanda tuta aliona ndege ikiwa chali kwenye jaruba, magurudumu juu, na maji yote kuizunguka yamegeuka rangi ya maziwa. Wakulima wawili walikuwa wameshakunja suruali.

"Msiingie!" Alivuta barakoa akapiga kelele mpaka koo likamuuma. "Msiingie majini! Maji yana dawa! Na msiwashe kitu, wala sigara!"

Wote wakasimama isipokuwa mzee mmoja, mwembamba, aliyeshika mundu. Walimwita Mzee Jaku, na jaruba lile lilikuwa lake.

"Mtu yumo ndani, mwanangu," alisema, na wala hakusimama.

"Najua yumo. Vaa hizi kwanza. Nakuomba, Mzee wangu. Dawa hii ikikuingia kwenye ngozi utaanguka kabla hujamfikia."

Mzee alizivaa glavu huku akitembea. Kazija akaingia nyuma yake, maji yakamfika mapajani. Harufu ya mafuta ya ndege ilikuwa kali kiasi cha kupita kwenye chujio. Injini, nusu imezama, ilikuwa ikitoa mvuke na kuchachatika.

"Inatoa moshi hiyo!" Shaame alipiga kelele kutoka kwenye tuta. "Bi Kazija, rudi! Itawaka!"

Hakurudi. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Watu walisema ni ushujaa, na yeye alijua kuwa si hilo. Alikuwa akiogopa zaidi kubaki juu ya tuta.

Kioo cha chumba cha rubani kilikuwa kimepasuka. Alipiga magoti kwenye tope, akachungulia. Qais alikuwa ananing'inia kichwa chini, ameshikiliwa na mikanda, mikono imelegea. Kofia yake ilikuwa ndani ya maji. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyusi, na ndege ilikuwa bado inazama taratibu. Kazija aliyaona yakipanda: yakafunika macho yaliyofumba, yakafika kwenye mfupa wa pua.

Aliingiza mikono yote miwili, akakishika kichwa, akakinyanyua. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Tundu za pua zikabaki juu ya maji kiasi cha upana wa kidole.

"Kapteni! Kapteni Qais! Unanisikia?"

Kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeitwa na mamake kutoka chumba cha pili: "Naam."

"Usitikise shingo. Ntakushika mimi. Mzee Jaku, kata mikanda ya mabegani kwanza. Ya kiunoni mwisho."

Mzee aliingiza mkono kupitia upande wa pili. Mundu ulikuwa mkali wa kukatia mpunga, lakini mkanda ule haukufumwa kwa ajili ya kukatwa. Alikereza. Alikereza huku akihema, na mikono ya Kazija ikaanza kuchoka kwa uzito. Maji yalipanda tena. Ukafika wakati alikuwa amekilaza kichwa cha Qais juu ya mkono wake wa kulia, na shavu lake mwenyewe liko majini.

"Bado moja," alisema Mzee Jaku.

"Haraka, baba yangu."

"Nnakata. Nnakata."

Mkanda wa mwisho ulipoachia, Qais aliangukia juu yake na wote wawili wakaenda chini. Barakoa ikajaa maji. Aliyaonja, makali na machungu, akafunga mdomo, akasukuma kwa miguu, na mikono ya Mzee Jaku ikamshika kwenye aproni ikamvuta. Hakumwachia Qais. Wakamtoa dirishani taratibu, Kazija bado anashikilia shingo, wakamlaza juu ya ubao mpana ambao wakulima walikuwa wakiutumia kuvukia mfereji.

Juu ya tuta hakukuwa na wakati wa kuona haya. "Mvueni nguo zote! Zote! Leteni maji safi!" Wanawake wakafungua kanga zao wakazishika kuwa ukuta, na maji waliyokuja nayo ya kunywa yakamwagwa yote juu ya Qais, dumu baada ya dumu, sabuni kutoka kichwani mpaka vidoleni. Kazija akamtuma Shaame arudi kwenye mapipa akabandue karatasi ya jina la dawa. "Usisahau karatasi. Daktari hatoniuliza kitu chengine."

Kabla gari la wagonjwa halijafika macho yake yalikuwa yameshaanza kuwaka na mate kumjaa mdomoni. Akaoga na yeye kwa maji yaliyobaki. Akapanda gari hilo hilo, na kutoka Cheju mpaka mjini alitazama kifua cha Qais kikipanda na kushuka, akihofia kupepesa macho.

*

Hospitali walimlaza Kazija usiku mmoja, wakamtilia dripu na sindano, Mzee Jaku yuko wodi ya wanaume upande wa pili. Daktari alikuja na ile karatasi mkononi akamwambia imewaokolea muda ambao Qais hakuwa nao. Qais alikuwa amevunjika uti wa mgongo sehemu moja na mguu sehemu mbili. Dawa nayo ilikuwa imemwingia. Alikuwa kwenye mashine, na hakuna aliyejua kama atapona.

Picha za ajali na uokoaji zilikuwa zimeshaenea kwenye simu za watu. Aliporudi Amani, majirani walimpokea kwa maneno ya sifa. Salhiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimletea mchuzi wa kuku akalia mlangoni. Kazija aliitikia, akashukuru, akafunga mlango, akakaa chini sakafuni.

Kesho yake Ahmada alikuja. Hakukaa.

"Watu wa uchunguzi watakuja wiki ijayo," alisema. "Njia ilikuwa kavu. Injini ilikosa nguvu. Ndivyo taarifa ya mwanzo ilivyoandikwa."

"Nani kaandika?"

"Mimi." Aliangalia mlango, kisha akamwangalia yeye. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi. "Bi Kazija, nskilize vizuri. Aliyeitembea njia ni wewe. Ukisema kulikuwa na tope, suali la kwanza watakalokuuliza ni kwa nini hukumwambia rubani. Alikuuliza wewe. Shaame alikuwepo, kila mtu alisikia. Sasa hivi mji mzima unakusifu. Unataka kujibomolea?"

"Ulisema utamwambia."

"Nlisema," alijibu Ahmada. Kisha, kwa sauti nyengine: "Nlidhani atapita. Wallahi nlidhani atapita."

Akaenda zake. Kazija hakula siku ile. Rukaiya, binti mdogo, alimuuliza mara mbili kama macho bado yanamuuma, akasema ndiyo, yanamuuma.

Siku ya nne Bi Hamda, mamake Qais, alituma mtu kumwita.

Nyumba ilikuwa Kiponda, ya ghorofa mbili, ngazi za mawe zimeliwa katikati na miguu ya watu. Bi Hamda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amevaa buibui ndani ya nyumba kwa kuwa ndio kwanza karudi hospitali.

"Shikamoo, Bi Hamda."

"Marahaba, mwanangu. Njoo. Njoo hapa karibu." Alimketisha kwenye mkeka, akaishika mikono yake yote miwili, ngozi ikiwa bado inabambuka kwa dawa, akaibusu mmoja baada ya mwengine. "Leo kafumbua macho. Daktari kasema mashine wataitoa. Mungu kakutuma wewe. Nimekaa usiku kucha najiuliza, mtu kama huyu humlipa nini? Hakuna. Nmekosa."

Kazija alitaka kuivuta mikono na hakuweza.

"Usinishukuru, Bi Hamda."

"Nisikushukuru vipi?"

"Nilijua njia ni mbovu." Ilitoka hivyo, ghafla, bila kupangwa. "Niliitembea asubuhi ile. Mwisho kulikuwa na tope. Nilimwambia msimamizi, akasema atamwambia yeye. Qais akaja akaniuliza mimi kwa mdomo wake, msimamizi akamjibu kuwa kavu, na mimi nipo, nimesimama, nikanyamaza. Nilimwona akipanda. Nikanyamaza."

Mikono ya Bi Hamda ililegea, lakini hakuiondoa. Kutoka chini njiani ilisikika honda ikipita, kisha ikapotelea kwenye vichochoro.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Niliogopa kuonekana msumbufu."

Kazija alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Kwa hilo tu?" alisema yule mama. "Mwanangu nusura anifie kwa hilo tu?"

"Ndiyo."

Sasa aliiachia mikono. Akainuka, akaenda kusimama kwenye dirisha la mbao, mgongo umemgeukia. "Mimi nlikuita nikupe shukrani, nawe umenipa hili nilibebe. Sijui nilibebe vipi. Nenda ukawaambie wanaouliza. Usinambie mimi. Kawaambie wao, na useme lote, na la kwako uliseme pia." Aligeuka kidogo. "Nenda sasa, mwanangu. Sitaki nikutamkie neno ambalo ntalijutia."

Kazija alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

*

Wachunguzi walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, katika chumba chenye feni iliyokuwa ikizunguka na kugonga. Nje, kwenye benchi, Ahmada alikuwa amekaa na bahasha mapajani. Walipopishana hawakusalimiana.

Alisimulia kuanzia buti lilipozama. Alisema urefu wa sehemu ya tope, alivyochomeka fimbo, alivyoomba nusu tangi. Mmoja wa wanaume alikuwa akiandika, na kila Kazija aliposita kalamu nayo ilisita.

"Rubani alimuuliza nani hali ya njia?" aliuliza yule mwanamke.

"Aliniuliza mimi."

"Ulijibu nini?"

"Sikujibu."

"Ulizuiwa kujibu?"

Hapo palikuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Angeweza kusema ndiyo, alidakiwa, alitishwa, ni mwanamke peke yake kati ya wanaume. Baadhi yake ingekuwa kweli.

"Nilidakiwa," alisema. "Lakini baada ya hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Kapteni alisimama akinitazama. Sikuzuiwa na mtu."

Kalamu iliandika. Alipotoka, jasho lilikuwa limemshika mgongo mzima, na Ahmada akauliza kwa macho, naye akamjibu: "Nimesema yote, Bwana Ahmada. Ya kwako na ya kwangu."

Wiki ile ile aliambiwa asije tena kazini. Mtaani maneno yakageuka. Salhiya alikoma kuleta mchuzi, na sokoni mwanamke asiyemjua alimwonesha kidole. Nadra alirudi skuli amevimba macho na hakusema kaambiwa nini. Miezi miwili ikapita namna hiyo, Kazija akiuza visheti na kashata mlangoni kwake.

Halafu Qais akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisema yuko nyumbani, ghorofa ya kwanza, na kama hatojali aje.

Bi Hamda alimfungulia mlango akaitikia shikamoo yake bila ya kutabasamu, akamwonesha chumba. Qais alikuwa kitandani, amekonda, mkanda mgumu wa plastiki umemzunguka kiwiliwili, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Madaktari walikuwa wamesema atatembea, ila kurusha ndege hawakusema kitu.

Kazija alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga njia nzima. Qais hakumpa nafasi.

"Nimesikia ulichowaambia," alisema. "Wamenisomea. Kuna jambo hulijui. Asubuhi ile nilikuuliza njia vipi, Ahmada akasema kavu, na wewe ukatazama chini. Kila siku ulikuwa ukinijibu unanitazama usoni. Siku ile ulitazama glavu zako."

"Ndiyo."

"Basi nilijua."

Kazija hakuelewa. "Ulijua nini?"

"Kuwa kuna kitu mwisho kule. Buti zako zilikuwa na tope mpaka juu, nani asiyeona? Kuikagua njia ni kazi ya rubani, Bi Kazija. Haikuwa yako. Ilitakiwa nishuke niende nikaione kwa macho yangu, dakika kumi. Lakini wale watu walikuwa kwenye tuta wanangoja, na kule bara nimesharuka kwenye njia mbovu kuliko ile mara ngapi. Nikajiambia ntanyanyuka kabla sijafika."

Chumba kilikuwa na joto. Kazija alikaa akiangalia yale magongo, na kitu alichokisikia kikimpanda kifuani hakikuwa faraja hata kidogo.

"Ulijua," alisema. "Miezi miwili sijalala. Binti yangu anatukanwa skuli. Mamako alinigeuzia mgongo, na haki yake. Nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Na wachunguzi umewaambia?"

"Jana. Ndio nikakwita leo. Nisingeweza kukwita kabla."

Alitaka kumfokea. Alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe alikishikilia kichwa chake majini, aliona namna alivyokuwa akipumua kwa uangalifu ili mgongo usimuume, na bado alitaka kumfokea. "Mimi nimekosa na nimesema," alisema, akainuka. "Siku ile ile nlikuwa niseme, nikachelewa. Lakini wewe umechelewa zaidi."

"Kweli."

"Sijakusamehe, Qais." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila ya cheo. "Si leo."

"Wala sikukuitia hilo," alisema yeye.

Kwenye ngazi Bi Hamda alikuwa amesimama, na kwa jinsi alivyoshika nguzo alikuwa amesikia kila neno. Alimfunga Kazija vizuri mtandio uliokuwa umemtoka begani, akamwacha apite.

Taarifa ilipotoka iligawa makosa kwa watatu: rubani aliyeruka bila ya kukagua, msimamizi aliyetoa habari ya uongo, na kampuni iliyomkabidhi kazi ya ukaguzi mtu ambaye hakufunzwa wala hakupewa mamlaka ya kusimamisha ndege. Jina la Kazija halikuwemo kati ya waliokosa, ingawa yeye mwenyewe alilitafuta kurasa zote. Ahmada aliondoka kwenda Pemba kwa ndugu zake. Viwavi wakaila thuluthi ya mpunga wa Cheju, na wakulima wakapanda upya. Ndipo Mzee Jaku, ambaye ngozi ya mikono ilimchunika mpaka viwiko na ikaota nyengine, alipokuja Amani kumwomba akawafunze kuchanganya dawa za mabomba ya mgongoni, kwani wanazichanganya kwa mikono mitupu. Kazija anakwenda Cheju siku mbili kwa wiki.

Qais sasa anatembea na gongo moja. Humpigia simu Kazija mara kwa mara, kumuuliza hali tu. Siku nyengine Kazija hupokea wakazungumza mpaka chai ikapoa. Siku nyengine huitazama simu ikilia juu ya meza, na kuiacha ilie mpaka ikome.